Wageni Mia Nne na Kumi na Wawili Walioingia Tumboni Mwangu bila Kusaini

Kutoka kwa Mlinzi wa zamu ya mchana,
Geti Kuu, Kiwanda cha Magodoro.

Kwa Mganga Mkuu,
Hospitali Kuu.

Ndugu Mganga Mkuu,

KUHUSU: KUINGIWA, KUPEKULIWA NA KUNYOFOLEWA BILA KUMBUKUMBU

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Kama si mzima, angalau uko mahali ambapo hutahangaika kutafuta daktari.

Naomba kwanza nijitambulishe, maana mimi huwa sisemi na mtu kabla hajajua nimetoka wapi na nimefuata nini. Ni mlinzi wa geti kuu la kiwanda cha magodoro, mwaka wa ishirini na nane sasa. Wafanyakazi wananiita Saini. Wanadhani sijui. Kwenye meza yangu kuna kitabu cha wageni chenye safu saba: jina, anakotoka, anayekuja kumwona, sababu ya kuja, muda wa kuingia, muda wa kutoka, na saini. Hakuna aliyewahi kupita bila kuzijaza zote saba. Mkurugenzi anasaini. Shemeji yake mkurugenzi, aliyedhani ushemeji ni kibali, alisaini baada ya kukaa juani dakika arobaini. Mwaka ule ghala la sponji liliposhika moto, watu wa zimamoto walisaini mmoja mmoja, na kalamu ikaishiwa wino tulipofika kwa mtu wa tano. Najua yanayosemwa kuhusu siku ile. Lakini kitabu kipo, na ukikifungua utakuta imeandikwa vizuri kabisa: sababu ya kuja, moto. Sehemu iliyoungua haikuwa kubwa kiasi wanachodai.

Wiki nane zilizopita nilikuja hospitalini kwako kwa sababu mkanda wangu ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya ndani ya miezi mitatu, na kwa sababu nyingine ambazo nilimweleza daktari kwa sauti ya chini na sitazirudia hapa, kwa kuwa barua hupita mikononi mwa wengi. Daktari wenu mwenye miwani ya kamba alinipokea vizuri. Akanieleza kwamba siku hizi si lazima mtu apasuliwe ili kipatikane kipande cha nyama cha kupima. Wanaingiza roboti. Kila roboti ni ndogo kuliko punje ya chumvi, ina umbo la nyota, na vidole vyake hukaa wazi ikiwa kwenye maji baridi. Ikifika ndani ya utumbo na kupata joto la mwili, vidole vinajifunga, na chochote kilicho katikati kinanyofolewa. Kisha wanaivuta nje kwa sumaku pamoja na ilichokishika. Akaniambia, "Mzee wangu, wala hutasikia kitu. Zinaingia mara moja kuchungulia, halafu zinatoka." Nikamwona ni kijana muungwana. Sikukumbuka kwamba hayo ni maneno yaleyale niliyoambiwa getini na kila mwizi tangu nianze kazi.

Tangu siku hiyo mmeniita mara tatu nije kuchukua majibu, mara mbili kwa simu na mara moja kwa karatasi yenye muhuri. Sijaja. Mke wangu anasema naogopa. Binti yetu, ambaye ni mwalimu na huongea na watu wote kana kwamba wako darasa la pili, naye anasema naogopa, na amenitaka nirudie sentensi hiyo kwa sauti. Nakuhakikishia kwamba ni suala la utaratibu tu. Sababu zangu ni hizi, na naomba zisomwe kwa mpangilio.

1. Kuingia bila kujiandikisha.

Fundi wenu wa mitambo alitamka mbele yangu, nikiwa na akili zangu zote, "Mia nne kumi na mbili, tayari." Mia nne na kumi na wawili, Ndugu Mganga Mkuu. Kiwanda chetu chote kina watu mia mbili na sitini, na wanapanga foleni. Hawa walipita kwa mrija mmoja, kwa mkupuo mmoja, hakuna aliyeulizwa jina. Nilikuwa nimekuja na kitabu changu mwenyewe, kipya, nimekipiga safu saba kwa rula. Muuguzi alikitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na suruali yangu. Nilipoomba walau niandike jina la kiongozi wa msafara, akanijibu, "Baba, lala ubavu."

2. Sababu ya kuja.

Kuchungulia si sababu. Mtu akiandika "kuchungulia" kwenye kitabu changu, namrudisha alikotoka. Watu huja kuleta, kuchukua, kutengeneza au kumwona fulani. Hawa walikuja kuchukua. Wangesema hivyo tangu mwanzo, ningewauliza kuchukua nini, kwa idhini ya nani, na tungeelewana kama watu wazima.

3. Kutoka na mali.

Kwetu hakitoki hata kipande cha uzi bila kibali cha kutoa mali chenye saini ya mkuu wa ghala. Niliwahi kumkamata fundi mmoja aliyeingia asubuhi akiwa mwembamba na kutaka kutoka jioni akiwa mnene. Alikuwa amejizungushia sponji ya inchi tatu ndani ya shati. Sikumgusa. Nilimkaribisha tu aketi kwenye benchi langu, na alipoketi, akadunda.

Wageni wenu walitoka wakidunda vilevile, kila mmoja na kipande changu vidoleni. Naambiwa vipande vyenyewe ni vidogo, havionekani bila darubini. Sawa. Lakini ukubwa wa kitu haujawahi kuwa na safu kwenye kitabu changu. Mkuu wa ghala hili lililoingiliwa ni mimi, na sina kumbukumbu ya kutia saini kibali chochote. Naomba orodha kamili ya kila kipande: kilitolewa upande gani, kiko rafu ipi pale maabara, nani anakitazama, na anakitazama kwa nia gani.

4. Watatu hawajatoka.

Hapa naomba uvae miwani, kama unayo. Kazi ilipokwisha, fundi alisoma kwenye kioo cha mtambo wake, "Mia nne na tisa." Nikaandika namba hiyo kiganjani kwa kalamu niliyokuwa nimeificha kwenye soksi. Kutoa tisa kwenye kumi na mbili hakuhitaji chuo. Nikamuuliza, watatu wako wapi? Akasema, "Aa, mzee, hizo ndo za kawaida, usijali," kisha akaenda kunywa chai.

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba zamu haikabidhiwi wakati mgeni yuko ndani. Mwaka fulani mkaguzi wa mizani aliingia saa nne akawa haonekani. Mwenzangu wa zamu iliyofuata alikuja, nikakataa kumpa ufunguo. Tulimpata mkaguzi kwenye chumba cha kujaribia magodoro, amelijaribu moja mpaka likamzidi nguvu. Alitoka akiwa na alama za kitambaa shavuni, akasaini, ndipo na mimi nikaenda nyumbani.

Kwa hiyo elewa hali yangu. Wiki nane sijakabidhi zamu. Nalala chali ili nisimbane mgeni wa upande wowote. Nafanya doria, nazunguka nyumba mara nne kabla ya chakula na mara mbili baada yake. Redio yetu ina spika kubwa, na spika ina sumaku, hivyo nimeipeleka kwa jirani, kwa sababu sitaki watu wavutwe kutoka ndani yangu kienyeji bila mimi kujua. Sasa jirani anasikiliza taarifa ya habari kwa raha zake, nami naisikiliza kupitia ukutani. Mke wangu aliniuliza redio imekosa nini. Nikamwambia ni mambo ya usalama.

4(b). Lililokwenda vizuri.

Sipendi kuonekana mtu wa kulaumu tu. Mlinzi wenu wa mlango wa chumba cha vipimo, yule mrefu mwenye kofia iliyombana, alifanya kazi yake. Alimzuia mke wangu asiingie nami kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha. Mke wangu alisimama pale nje kwa saa mbili na nusu akiwa ameshika mkoba wangu. Alipoomba aketi nami dakika mbili tu kabla sijaanza kushughulikiwa, nilimsikia mlinzi akimwambia, "Mama yangu, ingekuwa kwa uwezo wangu ungeingia. Ila orodha ni orodha." Nilikuwa nimelala ubavu katika baridi ya kile chumba, lakini nilifurahi kwamba bado kuna watu wa kazi.

Na mke wangu amezoea. Miaka yote hii ananiletea chakula getini saa saba mchana, na hajawahi kuingia ndani hata hatua moja. Atajazaje kitabu? Safu ya anayekuja kumwona inataka mtu aliye ndani, na mimi siko ndani, niko getini. Kwa hiyo hupitisha bakuli katikati ya nondo, namrudishia la jana, ananitazama nikifungua kifuniko, kisha anaondoka. Hata mvua ikinyesha anasimama upande ule na mimi upande huu. Hajawahi kuwasilisha malalamiko yoyote kwa maandishi.

5. Majibu hayajakamilika, hivyo hayapokeleki.

Mlituma watu mia nne na kumi na wawili. Walioripoti ni mia nne na tisa. Hakuna ofisi duniani inayofunga ripoti wakati wajumbe watatu bado wako kazini. Mimi naona hata inawezekana hao watatu ndio pekee walioona jambo zuri. Walifika mahali pao, wakatazama kwa utulivu, wakakuta hakuna kibaya cha kunyofoa, wakakaa. Wale wengine walikuwa na haraka, wakanyofoa walichokikuta, wakakimbilia sumaku. Majibu ya watu wenye haraka mimi siyachukui.

Binti yangu alijitolea aje ayachukue yeye kwa niaba yangu. Nilimkatalia kwa sababu zilezile, nikaongeza kwamba atahitaji barua ya utambulisho, na mwenye kuiandika barua hiyo ni mimi, na mimi niko zamuni. Akasema, "Baba, unajua unachokifanya." Nikamwambia ndiyo, najua. Aliondoka bila kumalizia chai yake, jambo ambalo si kawaida yake.

Ombi langu basi ni kwamba bahasha yangu irudishwe kabatini ikiwa imefungwa. Vizuri zaidi, vipande vyenyewe virudishwe vilikotolewa, kila kimoja mahali pake, bila kusomwa, ili tuanze upya kwa utaratibu unaoeleweka, katika mwezi nitakaoutaja baadaye.

6. Ajira.

Kama kurudisha vipande mnaona ni usumbufu, nina pendekezo jingine, nami nimelitafakari nikiwa doria. Hao watatu waajiriwe. Hawali, hawasinzii, hawapokei simu wakiwa kazini, na wakishika kitu hawaachii. Nimefundisha walinzi kumi na wawili, na sijapata hata mmoja mwenye sifa hizo nne kwa pamoja. Nipeni barua ya uhamisho wao, mimi niwe mkuu wao, nitawapangia zamu.

Kazi ya kuwapa naijua. Maana, Ndugu Mganga Mkuu, kama kweli kuna kitu humo ndani, basi kiliingia kabla ya roboti zenu, na hicho nacho hakikusaini. Sijui kilipita geti gani. Nilikuwa nimeketi palepale kwenye kiti changu, nakagua mifuko ya watu wengine, nawasimamisha mashemeji juani, na hicho kikanipita mimi mwenyewe, polepole, labda kwa mwaka mzima, bila hata kunisalimu. Hili linaniuma kuliko mambo yote niliyoyaorodhesha. Naomba hao watatu wazunguke humo. Wakikikuta, wakishike, wakilete mlangoni, na mimi nitakuwa tayari na kitabu.

7. Nimeiacha wazi kwa jambo litakalojitokeza.

Kwa hoja hizo zote, nasisitiza kwamba majibu yangu yasifunguliwe, yasisomwe, na wala nisipigiwe simu kuhusu habari zake hadi wageni wote watakapotoka na hesabu ikatimia. Nikipata orodha ya vipande, barua ya uhamisho, na maelezo ya fundi wa mitambo kuhusu ile chai aliyokwenda kunywa, tutaweza kuendelea.

Nisalimie daktari mwenye miwani ya kamba. Msalimie muuguzi aliyetunza suruali yangu, ilirudi ikiwa imekunjwa vizuri kuliko ninavyoikunja mimi. Wasalimie watu wa maabara wote, sina ugomvi nao mpaka nitakapoiona hiyo orodha. Mlinzi mwenye kofia iliyombana mwambie mwenzake wa geti la magodoro anampa heko. Huku nyumbani hatujambo. Binti anasalimu, ingawa kwa sasa hatusemeshani. Mke wangu anasalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Ni mimi, ambaye bado niko zamuni,

Mlinzi wa Geti Kuu
(saini yangu ni hiyo hapo juu, yenye mistari miwili chini yake, haijawahi kughushiwa)

Nyongeza: Baada ya kumaliza nilimpa mke wangu barua hii aikague kama ina makosa, maana yeye ana macho mazuri. Alicheka mpaka namba tatu. Namba nne aliisoma akitikisa kichwa. Alipofika kwenye ile (b) aliacha kucheka, akaisoma tena kuanzia mwanzo, kisha akanyanyuka akaenda kwenye kabati la nguo. Alirudi na karatasi ambayo sikuikumbuka kabisa. Ni ile fomu ya kukubali kipimo. Akaniwekea kidole kwenye kifungu cha saba. Kinasema kwamba baadhi ya roboti hazitarudi kwa sumaku, kwamba hazina madhara, na kwamba zitatoka zenyewe kwa njia ya kawaida ndani ya siku chache. Kifungu cha nne kinasema vipande vitachukuliwa, kwa ruhusa yangu. Chini kabisa kuna saini. Ina mistari miwili.

Niliitia bila kusoma. Ndivyo wanavyofanya wageni wangu wote kwa zile kanuni zilizobandikwa nyuma ya kitabu, nami siku zote huwaambia, ukishasaini, umekubali. Kwa hiyo wale watatu waliondoka zamani, kwa mlango wa nyuma, ambao hata kule kiwandani nimekuwa nikisema hauna mlinzi. Namba moja hadi sita zimekufa. Ningeichana barua hii, lakini nilikuwa nimeshaiingiza kwenye kitabu cha barua zinazotoka, hivyo haina budi kutoka.

Mke wangu akaniuliza, "Haya, mzee, umebaki na sababu gani nyingine?" Nimeitafuta tangu chai ya asubuhi. Nimezunguka nyumba nikiitafuta, mara nne na nyingine mbili. Naogopa, Ndugu Mganga Mkuu. Ni hilo tu. Unaweza kulijaza pale kwenye namba saba.

Redio nimeichukua kutoka kwa jirani. Nitakuja Jumanne saa tatu asubuhi. Nina ombi moja tu lililobaki, na yote mengine yafutwe. Mlinzi wa mlango aambiwe mapema, jina la mke wangu liwe kwenye orodha, asiachwe nje kwa mara nyingine. Kwenye safu ya anayekuja kumwona, niandikeni mimi. Sababu ya kuja atawaambia mwenyewe. Muda wa kutoka msiujaze. Atatoka nitakapotoka.